Machipuko yakianza, nashika tochi kabla ya dawa

Mwanzoni mwa machipuko tochi yangu hairudi kwenye droo. Hewa ikianza kuwa na uvuguvugu na madirisha yakaanza kufunguliwa, napiga magoti chini ya sinki, nalala kifudifudi mbele ya friji, kisha natoka nje na kuzunguka nyumba nikikagua pale ukuta unapokutana na ardhi. Wengi husubiri mpaka mende apite mezani mbele ya wageni ndipo wakimbilie dawa ya kupuliza. Mimi naamini, na kila mwaka naamini zaidi, kwamba kazi yenye maana hufanyika katika wiki hizi za kwanza za joto, wadudu wengi wakiwa bado wachache na hawajaanza kuzaana kwa kasi.

Wadudu wengi hawana joto lao wenyewe, mwili hufuata hali ya hewa. Wakati wa baridi hujibanza chini ya magome, ndani ya udongo au kwenye nyufa za kuta, hawali sana na hawazai. Joto likirudi, wote huamka kwa pamoja. Chukua nyigu. Katika jamii nyingi za nyigu, anayevuka majira ya baridi ni malkia peke yake, na mwanzo wa machipuko utamkuta anajenga kiota chake kidogo chini ya upenu bila msaidizi hata mmoja. Mwisho wa kiangazi kiota hichohicho kinaweza kuwa na nyigu mamia, na kwa baadhi ya aina hata maelfu. Panya mdogo wa nyumbani naye hubeba mimba wiki tatu tu, huzaa watoto watano au sita kwa kawaida, na watoto hao wakifika wiki sita hivi wanaweza kuanza kuzaa wenyewe. Ukipiga hesabu hiyo kwa miezi michache utaona kwa nini sipendi kuahirisha.

Nina sababu nyingine iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Naishi na mama yangu mzazi, na mama ana pumu. Kinyesi cha mende, mate yake na magamba anayoyavua vikichanganyika na vumbi la nyumba huweza kuamsha pumu, na mkojo wa panya vilevile. Kwa hiyo siwezi kuwaacha wadudu, lakini siwezi pia kujaza nyumba moshi wa dawa, maana dawa yenyewe inamkaba kifua. Ndiyo maana kazi yangu yote imeegemea mambo matatu: matundu, maji na chakula. Sumu inakuja mwisho, na ikija inakuja kama chambo kilichofichwa, si wingu hewani.

Naanza na matundu, na hapo natumia muda mrefu kuliko popote. Panya mdogo anapita kwenye upenyo wa milimita 6 tu. Kipimo changu ni penseli: ikiingia, tundu hilo lazima lizibwe. Panya mkubwa anahitaji upana wa mara mbili ya huo, zaidi kidogo, na bado ni tundu ambalo watu wengi hulitazama na kuliacha. Mahali pa kwanza pa kuangalia ni pale mabomba na nyaya zinapopenya ukutani. Fundi hutoboa tundu kubwa kuliko bomba, halafu kabati la sinki linakuja kulifunika na hakuna anayeliona tena. Toa kila kitu kabatini, ingiza kichwa na tochi, utashangaa.

Milango nayo ina siri zake. Mchana, zima taa za ndani, chutama na uangalie chini ya mlango wa nje. Mwanga ukipenya, mdudu anapenya. Mpira wa kufunga upenyo wa chini ya mlango unakatwa kwa kisu na kufungwa kwa skrubu chache, na ndio ukarabati ninaoupenda kuliko wote kwa sababu unazuia sisimizi, mende, buibui na baridi kwa pamoja.

Kuhusu kuziba: povu la kuziba peke yake halimzuii panya, analitafuna. Mimi hujaza kwanza nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zisizoshika kutu, nikazishindilia kwa bisibisi, kisha napaka silikoni au saruji juu yake. Kama nashuku kwamba tundu linatumika, sizibi siku hiyohiyo. Nalijaza karatasi iliyokunjwa bila kubana na kuliacha. Karatasi ikisukumwa au kutafunwa, kuna mwenyeji anayeingia na kutoka, na kumfungia ndani ni kujitafutia harufu mbaya ukutani. Hapo mtego kwanza. Mtego wa kubana unawekwa ukiwa umeelekezwa ukutani, upande wa chambo ukigusa ukuta, maana panya hupenda kukimbia akiegemea ukuta kuliko kukatiza katikati ya chumba.

Jambo moja nalisema kwa mkazo: usizibe matundu ya hewa. Tundu la hewa la jiko la gesi, la kipasha maji au la chini ya sakafu lipo kwa sababu, na kuliziba kunaweza kuua watu. Hayo yawekewe wavu wa chuma wenye matundu madogo, hewa ipite na panya asipite.

Ukikuta kinyesi cha panya, usikifagie kikavu. Vumbi lake linaweza kubeba magonjwa. Vaa glavu, fungua madirisha, lowanisha kwa dawa ya kuua vijidudu, subiri dakika kadhaa, kisha futa kwa karatasi na uitupe. Mama huwa namwomba akae chumba kingine kabisa wakati nafanya hivyo.

Baada ya matundu, maji. Mende anaweza kuvumilia wiki kadhaa bila chakula, lakini kiu haivumilii muda huo wote. Ndiyo maana jikoni safi kabisa lenye bomba linalovuja bado lina mende. Usiku kabla ya kulala nakausha sinki kwa kitambaa, nakamua kile kitambaa na kukitundika kinyooke, namwaga maji ya sahani za maua. Trei iliyo nyuma ya friji, ile inayokusanya maji ya barafu inayoyeyuka, naitoa na kuiosha. Watu wengi hawajui kama ipo. Pale nyuma pana joto la mota, giza na unyevu, vyote ambavyo mende anavitafuta.

Mende mdogo wa rangi ya kahawia mwenye mistari miwili ya giza nyuma ya kichwa ndiye mkorofi kuliko wote ndani ya nyumba. Jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40, na halikiachi mpaka mayai yakaribie kuanguliwa. Ganda la kifuko linayakinga mayai na dawa nyingi za kupuliza, kwa hiyo unapuliza leo, wazazi wanakufa, na wiki kadhaa baadaye unaona wadogo wakikimbia. Kwa huyu natumia jeli ya chambo, matone madogo kama kichwa cha kiberiti, kwenye bawaba za makabati, nyuma ya jiko, kwenye pembe za droo. Na ukishaweka jeli usipulize dawa wala usipake sabuni yenye harufu kali karibu nayo, kwa sababu mende ataikwepa na chambo chako kitakuwa bure. Naweka pia mitego ya gundi, vipande viwili vitatu, si kwa ajili ya kuwamaliza bali kuniambia wako upande gani. Mtego uliojaa nyuma ya friji na ule mtupu kando ya mlango vinakuambia pa kupeleka nguvu.

Sasa sisimizi, ambao ndio wageni wa kwanza wa machipuko katika nyumba nyingi. Kundi limevuka baridi na sasa lina mabuu ya kulisha, kwa hiyo watafutaji wanatoka kila upande. Mmoja akipata sukari anarudi kiotani akiacha alama ya harufu njiani, wenzake wanaifuata, kila anayerudi na chakula anaiongezea nguvu, na baada ya muda mfupi una mstari ukutani. Unaowaona ni sehemu ndogo tu ya kundi. Malkia yuko kiotani anataga, na hajali umewaponda wangapi. Baya zaidi, baadhi ya aina za sisimizi, hasa wale wadogo wa rangi ya manjano wanaopenda majengo yenye joto, wakipulizwa dawa inayowafukuza hugawanyika. Kundi moja linakuwa makundi kadhaa katika vyumba tofauti.

Kwa hiyo mimi sipondi wala sipulizi. Nafuata mstari kwa subira mpaka nione wanaingilia wapi, kisha naweka chambo kando ya njia yao. Chambo chenyewe ni maji yenye sukari na asidi ya boriki kidogo sana, takriban gramu 1 kwa mililita 100. Kiasi hicho kidogo ndicho chenye kazi. Ukizidisha, sisimizi anafia njiani na sumu haifiki kwa malkia. Naloweka pamba, naiweka ndani ya kopo lenye matundu madogo kwenye mfuniko, naandika juu yake kwamba ni sumu, na kopo linakaa mahali ambapo mtoto au mnyama hawezi kulifikia. Kama huna mahali salama namna hiyo, nunua chambo kilichofungwa kiwandani.

Siku ya kwanza huja sisimizi wengi kuliko awali, na hapo ndipo panapohitaji moyo. Mara ya kwanza mama kuona hivyo alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, unawalisha?" Nikamwambia, "Ndiyo, mama, wacha wale, wabebe wapeleke nyumbani." Alitaka sana kuchukua kitambaa awafute. Nilimsihi asiguse, na alikubali, ingawa kila alipopita pale alikuwa akiguna. Mstari ulipungua, ukakatika, ukaisha. Ndipo nilipofuta njia nzima kwa maji ya sabuni ili kuondoa harufu, na kuziba ufa waliopitia. Mpangilio huo una maana: ukifuta kabla, unawanyima njia ya kufikia chambo.

Sisimizi wakubwa weusi ni jambo jingine. Ukiwaona ndani ya nyumba mapema, wakati nje bado kuna baridi, huenda wana kiota ndani ya mbao za nyumba yenyewe. Hawali mbao, wanazichonga kutengeneza makao, na hupenda mbao zilizoloa. Tafuta rundo dogo la unga wa mbao chini ya dirisha au karibu na bafu, kisha tafuta kinacholoanisha mbao hiyo. Usipotibu uvujaji, watarudi hata ukiwaua leo.

Kuna wadudu wa machipuko ambao mimi nawaonea huruma. Siku za kwanza za jua utakuta kwenye vioo vya madirisha nzi wazito wanaotambaa polepole, wadudu kobe wenye madoadoa na kunguni-mimea wenye umbo la ngao. Watu huruka na kusema nyumba imevamiwa. Hao hawaingii, wanatoka. Waliingia mwishoni mwa joto lililopita, wakalala ndani ya kuta na darini, na sasa wanafuata mwanga waende zao. Ndani ya nyumba hawazaliani na hawali mbao wala nguo. Fungua dirisha, au wanyonye kwa mashine ya kufyonza vumbi. Wale wenye umbo la ngao usiwaponde, wananuka vibaya. Kazi ya kuwazuia si ya sasa, ni ya mwishoni mwa kiangazi, kuziba nyufa za nje kabla hawajatafuta pa kulala.

Nguo za sufu ndizo kazi niipendayo. Baridi ikiisha tunakunja masweta na mablanketi na kuyasukuma juu ya kabati, na huko ndiko nondo wa nguo anakoyataka. Nondo mwenyewe hali kitu. Kiwavi wake ndiye anayekula sufu, manyoya na nywele, na anapenda zaidi mahali penye jasho au tone la chakula. Kwa hiyo hakuna nguo ya sufu inayowekwa bila kufuliwa katika nyumba yangu, hata iliyovaliwa mara moja. Ikikauka vizuri inaingia kwenye mfuko unaofungwa bila kupitisha hewa. Nguo ninayoitilia shaka, au isiyofulika, naiweka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, imefungwa mfukoni, kwa siku kadhaa. Vidonge vya naftalini sivitumii kabisa. Mvuke wake ndio unaoua, na mvuke huo huo tunauvuta sisi. Kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Ukiwa na mzee mwenye pumu au mtoto mdogo ndani, hiyo si bei ya kulipa kwa ajili ya sweta.

Kwenye stoo ya chakula sina mengi ya kusema. Toa vyote, futa rafu, fyonza pembe na matundu ya misumari, kisha pitia unga na nafaka. Nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya unga ni kazi ya viwavi wa nondo wa nafaka. Kilichoingiliwa kifungwe na kitupwe nje siku hiyohiyo. Kilichobaki kihamie kwenye vyombo vigumu vyenye mifuniko inayokaza, maana mifuko ya karatasi na plastiki nyembamba hutobolewa. Unga mpya ukikaa siku nne kwenye friza kabla ya kuingia stoo, mayai yaliyokuja nao hufa.

Nje ya nyumba naondoa kila kitu kinachoshika maji. Katika joto, mbu anatoka kwenye yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10 hivi, kwa hiyo kumwaga maji mara moja kwa wiki kunamkata kabla hajakomaa. Lakini kumwaga hakutoshi kwa mbu wa aina ya Aedes, wale wenye madoa meupe miguuni wanaouma mchana. Wao hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi yakisubiri mvua. Chombo kisuguliwe kwa brashi. Mifereji ya paa iliyoziba kwa majani ya baridi nayo ni bwawa usiloliona, na huloanisha mbao za paa pia. Kuni nazihamisha mbali na ukuta na kuziinua juu ya ardhi, na matawi yanayogusa nyumba nayakata, kwa sababu ni daraja la sisimizi na panya.

Wapo wanaoniuliza kuhusu vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vinavyodaiwa kufukuza wadudu na panya kwa sauti isiyosikika. Sivinunui. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliwaandikia barua za onyo zaidi ya kampuni 60 zinazotengeneza au kuuza vifaa hivyo, ikizikumbusha kwamba madai yao yanahitaji ushahidi wa kisayansi. Fedha hiyo nanunulia silikoni.

Mchwa ndio ninaowaogopa kwa dhati. Siku ya joto baada ya mvua, kumbikumbi wakitokea ndani ya nyumba au ukikuta rundo la mabawa dirishani, usifagie upesi ukasahau. Chukua mmoja umtazame kwa karibu, kwa sababu sisimizi nao huruka majira hayo hayo. Kumbikumbi ana kiuno kipana kilichonyooka, vipapasio vilivyonyooka, na mabawa yote manne ya urefu mmoja. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno chembamba, vipapasio vilivyopinda, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Ukiona ni kumbikumbi, tafuta vijia vya udongo vinavyopanda kwenye msingi na nguzo, na choma mbao za chini kwa bisibisi uone kama inazama.

Hapa sijitii ufundi. Chambo cha kopo hakifanyi kitu kwa kundi lililo chini ya nyumba, na mchwa wa ardhini wanahitaji mtaalamu mwenye leseni. Naweka kumbikumbi wachache kwenye chupa yenye spiriti ili aone ni aina gani. Kabla hajaanza, namwomba anionyeshe dalili alizoziona kwa macho yangu, anitajie jina la dawa na mahali atakapoiweka, anieleze mama akae nje ya nyumba kwa muda gani, na aniandikie atarudi lini kukagua. Asiyekuwa tayari kujibu hayo manne simfungulii mlango, namtafuta mwingine.